Dola 7,500 kiunoni: pesa ipo, hospitali haiipokei

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na yanayozikuta familia nyingi zinazopeleka wagonjwa India, ndiyo maana hakina jina la mtu wala la hospitali. Bei za dola na rupia nimeziweka kwa makadirio ya mwishoni mwa 2023. Sheria nitakazozitaja ni sheria zilizopo, na ndizo zilizoiumiza familia hii kuliko wezi au bei mbaya ya dola.

Mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mkazi wa Moshi, alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mgongo Chennai. Hospitali ilituma barua ya makadirio: rupia 450,000 zilipwe kabla hajaingia chumba cha upasuaji, mengine baadaye. Kwa bei ya wakati ule, rupia 83 hivi kwa dola moja, ni kama dola 5,400. Barua ilisema malipo yanapokelewa kwa benki, kwa kadi au kwa fedha taslimu. Familia ikachagua taslimu, kwa hoja ambayo yeyote aliyewahi kuuguza anaielewa: pesa uliyoishika mkononi haina "mtandao unasumbua".

Kundi la WhatsApp likafunguliwa, michango ikaingia, na kazi ya kutafuta dola akapewa mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Riba za Marekani zilikuwa zimepanda, bidhaa za kuagiza zilikuwa ghali, na dola zilikuwa adimu nchini. Maduka ya kubadilishia fedha nayo yalikuwa yamepungua tangu misako ya Arusha Novemba 2018 na ya Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019. Benki ya mjomba ilipoona pasipoti, tiketi na barua ya hospitali ilimuuzia dola 2,000 kwa shilingi 2,540 kila moja, ikasema kwa wiki ile basi. Dola 4,400 akazipata "kwa mtu", kwa 2,650. Nyingine 1,100 zilitoka kwenye sanduku la babu mstaafu, noti kumi na moja za mia mia alizoziweka tangu enzi za kazi yake melini.

Hizo za "kwa mtu" nizisemee kidogo. Kununua dola kwa asiye na leseni ni kosa, hilo kila mtu analijua na wengi wanalipuuza. Kisichofikiriwa ni kwamba dola za namna hiyo hazina risiti. Afisa yeyote akikuuliza baadaye fedha hizi umezipata wapi, huna karatasi ya kumwonyesha, hata kama kila shilingi ni ya michango ya kanisani.

Siku ya kuondoka, kijana wa pili wa yule mama, ndiye aliyekuwa anamsindikiza, alivaa mkanda wa kiunoni wenye dola 7,500. Kabla ya safari alimpigia jamaa mmoja wa familia anayesafiri sana, akaambiwa maneno yanayosemwa kila mahali: "Mradi usifikishe elfu kumi, hakuna wa kukuuliza."

Elfu kumi ya nani?

Kwa kutoka Tanzania jamaa alisema kweli. Kanuni za 2016 za udhibiti wa fedha haramu zinamtaka msafiri atoe taarifa forodhani akibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa fedha nyingine. Kenya nayo imeweka 10,000. Ulaya ni euro 10,000, Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Tarakimu hiyo imezoeleka hadi watu wakadhani ni sheria ya dunia nzima.

India ina mipaka miwili, na huu wa pili ndio usiosikika mitaani. Msafiri anatakiwa kujaza fomu ya tamko la fedha, wenyewe wanaiita CDF, ikiwa jumla ya fedha zake za kigeni, hundi za wasafiri zikiwemo, inazidi dola 10,000, *au* ikiwa noti peke yake zinazidi dola 5,000. Kijana alikuwa na noti tupu za 7,500. Kwa Dar es Salaam alikuwa safi. Kwa Chennai alikuwa amevuka kwa 2,500, na alipopita njia ya kijani, ile ya wasio na cha kutangaza, alikuwa tayari amekosea bila kujua. China nayo inaanzia dola 5,000, kwa hiyo wanaokwenda kufunga mzigo Guangzhou wanaweza kujikwaa palepale. Falme za Kiarabu ni dirham 60,000, kama dola 16,300. Kila nchi na mpaka wake.

Kinachonisikitisha ni kwamba kutangaza hakuna gharama. India haikuwekei kikomo cha dola unazoingia nazo; unaweza kuja na elfu hamsini ukizitangaza. Fomu haitozi kodi wala haikatwi asilimia. Watu wetu wanaiogopa kwa sababu neno "forodha" kwao limeungana na ushuru, na kwa sababu wanahofu kwamba ukishajulikana una fedha umeshajianika kwa wezi. Hofu hiyo ya pili siidharau. Lakini fomu ile ikigongwa muhuri inakuwa cheti cha kuzaliwa cha zile dola: inathibitisha ziliingia kwa njia halali, inakuruhusu kutoka na zilizobaki, na, kama kijana alivyokuja kugundua, ndiyo inayokufungulia dirisha la kubadilishia fedha.

Hapa kuna jambo dogo linaloniudhi zaidi. Kipimo ni kwa kila msafiri. Mama angebeba 3,750 kwenye mkoba wake na kijana 3,750 kiunoni, wasingetakiwa kujaza fomu yoyote. Waliziweka zote kwa kijana kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na hawakutaka ahangaike.

Mafungu matatu juu ya kaunta

Kesho yake asubuhi kijana alikwenda kuchenji kwenye duka lenye leseni, mtaa wa nyuma ya hospitali, kwenye nyumba za wageni zinazojaa Watanzania, Wakenya, Waomani na Wabangladeshi. Uamuzi mzuri. Kaunta za uwanja wa ndege alikuwa amezipita, na bei yao ilikuwa chini kwa rupia kadhaa kwa kila dola.

Mzee wa dukani alizihesabu noti zote kwanza, haraka, kwa kidole gumba. Kisha akaanza upya polepole. Kila noti ya mia aliiinamisha mbele na nyuma chini ya taa. Kwenye toleo linalotumika tangu Oktoba 2013 kuna utepe wa bluu, na ukiinamisha noti, kengele ndogo zilizo ndani ya utepe zinageuka kuwa tarakimu 100. Zenye utepe akaziweka kulia. Zenye picha kubwa ya Franklin lakini hazina utepe akaziweka katikati, akazipitisha kwenye mashine. Kushoto zikabaki kumi na moja: picha ndogo ya kizamani, karatasi imelainika kama kitambaa, mbili zina muhuri wa zambarau wa duka fulani la bandari isiyojulikana. Akazisukuma zile kumi na moja kuelekea kwa kijana kwa mgongo wa mkono.

Zilikuwa za babu, dola 1,100. Kisheria ni fedha kamili. Marekani haijazifuta noti zake za zamani, na noti ya 1990 bado ina thamani yake yote kule kwao. Lakini mchenjaji wa Chennai, wa Kariakoo au wa Lubumbashi halazimiki kuinunua. Noti za aina hiyo zilighushiwa sana, yeye mwenyewe hana pa kuzipeleka kwa urahisi, na hasara hataki iwe yake. Kwa hiyo dola za kusafiri nazo zichaguliwe kama nyanya: safi, hazijakunjwa sana, hazina maandishi ya kalamu, za toleo la utepe. Ndogo ndogo za tano na za kumi ziwe chache, za teksi na za mbeba mizigo, maana sehemu nyingi huzinunua kwa bei ya chini kuliko za mia.

Zikabaki dola 6,400 nzuri. Mzee akauliza, "Fomu ya forodha iko wapi?"

Hakuwa akimtisha. Benki Kuu ya India inawaagiza wenye leseni wadai CDF pale mteja anapoleta noti zinazozidi dola 5,000. Bila fomu, mzee angeweza kununua hadi 5,000. Tena akaanza kueleza kwamba kwa mgeni anaruhusiwa kutoa rupia taslimu za hadi dola 3,000 tu, zinazozidi hapo zinalipwa kwa hundi au kuingizwa benki, na inaweza kuwa moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali. Ufumbuzi wa tatizo lote ulikuwa kwenye sentensi hiyo. Kijana hakuifikia, maana aliposikia "forodha" masikio yalifunga. Akachenji dola 2,300 kwa rupia 82, akapata 188,600, akazifunga nyingine mkandani na kuondoka.

Rupia za shangazi

Nitoke pembeni kidogo. Shangazi, aliyetibiwa India mwaka 2019, alikuwa amempa kijana bahasha: noti kumi na mbili za rupia 2,000, za ile rangi ya waridi iliyokoza. Mchango wa rupia 24,000, sawa na dola 289, kama shilingi laki saba na ishirini. "Hizi mtaanzia teksi na chakula, msihangaike kuchenji uwanjani."

Nia njema, ila mitaani pesa ile haikuwa na pa kwenda. Tarehe 19 Mei 2023 Benki Kuu ya India ilitangaza kuiondoa noti ya 2,000 kwenye mzunguko. Muda wa kuzirudisha kwenye benki za kawaida uliishia tarehe 7 Oktoba 2023, na baada ya hapo zikawa zinapokelewa kwenye ofisi zenyewe za Benki Kuu. Dereva wa teksi alicheka tu. Kuzivusha zenyewe halikuwa kosa. Kanuni za fedha za kigeni za India zinamruhusu mgeni anayepita uwanja wa ndege kuingia au kutoka na rupia zisizozidi 25,000, isipokuwa raia wa Pakistan na Bangladesh.

Mabaki ya fedha za nchi nyingine kwenye droo zetu ni mengi kuliko tunavyokiri. Novemba 2016 India iliua noti za 500 na 1,000 kwa tangazo la saa mbili usiku lililoanza kazi usiku wa manane. Jirani zetu Kenya walitangaza tarehe 1 Juni 2019 kwamba noti ya zamani ya 1,000 itakufa tarehe 30 Septemba, na Benki Kuu ya Tanzania ikasimamisha ubadilishaji wa shilingi ya Kenya. Waliokuwa na vitita Arusha na Namanga walibidi wavirudishe Kenya wenyewe au wabaki navyo. Mimi nikirudi safari, ya kigeni inayobaki ni dola. Nyingine naimaliza hukohuko, hata kwa kununua chai kwa kabila zima.

"Pesa tunazo, ila hawazitaki"

Hospitali ilipokea rupia 188,600 na kutoa risiti. Kesho yake kijana akaenda duka jingine, akachenji tena dola 2,300, akarudi kwa mhasibu na furushi la pili. Mhasibu akakataa.

Tangu tarehe 1 Aprili 2017, sheria ya kodi ya mapato ya India, wakati ule kwa kifungu 269ST, inamkataza mtu au taasisi kupokea taslimu rupia 200,000 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja. Wengi wakiisikia hudhani ni kwa siku, kwamba ukilipa laki moja na tisini leo, kesho unaendelea. Kifungu kinahesabu kwa njia tatu: kwa siku moja, kwa muamala mmoja, na kwa tukio moja. Bili ya mgonjwa mmoja kwa upasuaji mmoja ni kitu kimoja hata ukiilipa kwa wiki nzima. Anayepokea anaweza kutozwa faini inayolingana na kiasi alichopokea, kwa hiyo usitegemee mhasibu akuonee huruma.

Barua iliyosema taslimu inapokelewa haikudanganya. Haikusema tu ni kiasi gani.

Kijana akapiga simu Dar.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama ameingia?"

"Bado. Pesa tunazo, ila hawazitaki."

Mjomba alifanya ambalo mjomba yeyote angefanya: akatoa shilingi 8,128,000 kwenye mtaji wa duka, akaibembeleza benki imuuzie dola 3,200 kwa 2,540, akazituma kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki, kwenye akaunti ya hospitali. Ijumaa hiyo. Jumamosi na Jumapili benki zimelala, fedha zikaonekana Chennai Jumatano. Mama alikuwa amepangiwa Jumamosi, akasubiri hadi Alhamisi akiwa amelala ubavu, maana kukaa alikuwa hawezi. Dada wa dawati la wagonjwa wa kimataifa ndiye aliyemweleza kijana Jumatatu kwamba kuna wachenjaji wenye leseni wanaopokea dola na kuingiza rupia kwenye akaunti ya hospitali siku hiyohiyo. Lakini fedha za mjomba zilikuwa tayari njiani.

Hasara iko wapi

Tuitafute kwenye vitabu. Dola 1,800 zilizobaki zilirudi nyumbani zikauzwa 2,490. Zilinunuliwa 2,650, kwa hiyo ni shilingi 288,000 zimeyeyuka kwa kwenda na kurudi. Rupia za furushi la pili ziligharimia chumba, chakula, vipimo na dawa za nje, zikabaki 90,000. Uwanja wa ndege walizinunua kwa 88 kwa dola, akapata dola 1,022 wakati zilimgharimu 1,097. Na hapo alikuwa na bahati ya kutunza vile vikaratasi vya mchenjaji, maana bila cheti cha kubadilishia, kumrudishia mgeni rupia zake kuwa dola kuna mizengwe. Weka siku za ziada za nyumba ya wageni, ada ya TT, rupia za shangazi na mtaji wa duka uliolala wiki kadhaa. Noti za babu zilirudi sandukuni.

Ukizijumlisha, bei ya dola ya siku ya kwanza, ile waliyoipigia kelele sana kwenye kundi la WhatsApp wakibishana 2,640 au 2,650, ni sehemu ndogo. Tofauti ya shilingi kumi kwa dola 4,400 ni shilingi 44,000. Fedha yao iliumizwa na kugeuzwa umbo mara nyingi, shilingi, dola, rupia, dola tena, shilingi tena, na kila mgeuko una mtu katikati anayekata chake. Na iligeuzwa hovyo kwa sababu ya karatasi moja isiyolipiwa. Angekuwa na CDF, yule mzee wa kaunta angenunua dola 6,400 zote asubuhi ileile, akampa rupia kidogo za matumizi, nyingine akaziingiza hospitali, na mjomba asingegusa duka lake.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kabisa kubeba taslimu. Siafiki. Kadi ya benki ya nyumbani ni nzuri ikiwa umeiambia benki mapema unakwenda wapi, na ukiulizwa na mashine ya malipo utozwe kwa shilingi au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei, na hakupendelei. Lakini kadi inaweza kukataliwa usiku, ATM nyingi za India hutoa kama rupia 10,000 kwa mara moja, na mgonjwa hasubiri. Dola mia chache safi mfukoni bado ni akili. Kosa lilikuwa kubebesha taslimu kazi ya benki: bili ya laki nne na nusu, inayojulikana tangu Dar, yenye namba ya akaunti kwenye barua.

Kuna mbinu moja aliyoisikia kijana kwenye nyumba ya wageni niitaje ili ikwepwe: kuomba wageni wenzako wakuchenjie kwa pasipoti zao. Wapo wanaofanya. Ila jina lao ndilo linaloandikwa kwenye cheti, fedha inakuwa yao kwenye karatasi, na ukifika uwanjani huna ushahidi hata wa ile halali uliyokuja nayo.

Mama alitakiwa kurudi Chennai baada ya miezi sita kuangaliwa. Safari hiyo mjomba alianzia benki wiki mbili kabla, akiwa na barua ya hospitali na nakala ya pasipoti ya mgonjwa, akatuma TT kwa jina la mama. Mara ya kwanza alitumia utaratibu wa SHA, wa kugawana gharama, benki ya katikati ikakata chake na hospitali ikaandika kwamba malipo yamepungua. Sasa alichagua OUR, mtumaji anabeba gharama zote na kiasi kinafika kamili. Taslimu walibeba dola 1,600, mia tupu za utepe wa bluu, 800 kwa mama na 800 kwa kijana, na risiti ya benki ndani ya pasipoti. Kwenye mstari wa maelezo ya TT mjomba aliandika namba ya faili la mgonjwa badala ya neno "matibabu", na fedha iliingizwa kwenye faili siku ileile ilipofika.